Juu ya Kurudi Mbioni Baada ya Kuumia Kidogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni. Imepigwa chapa hapa kama ilivyonenwa, kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Halmashauri ilituomba tuseme mbele yenu maneno machache juu ya mbio ndefu, nasi tukaomba badala yake tupewe nafasi ya kusema juu ya kutokukimbia. Juu ya kukimbia wengi wenu mwajua kutupita, na wamo humu vijana wawezao kutuacha nyuma kabla hatujamaliza kufunga kamba za viatu. Lakini liko jambo moja ambalo twaweza kudai kwamba tumelisoma kwa gharama yetu wenyewe, nalo ni hali ya mtu aliyeumia kidogo, akapumzika, akaona nafuu, na sasa ataka kurudi barabarani. Twasema "kidogo" kwa kusudi. Mtu aliyevunjika mfupa hana shaka juu ya lipi la kufanya. Amefungwa plasta, na daktari amempa tarehe. Taabu ni ya yule ambaye hakufungwa kitu, ambaye aja kazini kwa miguu yake na kupanda ngazi kama watu wengine, wala hapana anayemzuia ila nafsi yake.

Kwanza imetupasa tueleze yaliyotupata. Tulianza kukimbia tukiwa na umri wa miaka 46, si kwa kupenda michezo, bali kwa kuwa daktari alitupima shinikizo la damu, akaandika tarakimu mbili katika kadi, kisha akatugeuzia kadi tuzisome wenyewe. Akatuuliza twaketi saa ngapi kwa siku. Tukahesabu: ofisini saa nane, garini saa moja na zaidi, na jioni mbele ya televisheni mpaka usingizi uje. Baba yetu mzazi alianguka kwa maradhi hayo hayo akiwa hajafika umri wa kustaafu, na mkono wake wa kulia, ambao ndio ulioandika barua za ofisi miaka mingi, haukuandika tena. Basi tulianza kutembea, kisha kutembea na kukimbia, kisha kukimbia. Na baada ya mwaka mmoja tarakimu zile zikashuka. Tangu siku ile mbio kwetu hazikuwa mchezo tena. Kwa hiyo tulipoumia tuliingiwa na hofu, wala haikuwa hofu ya maumivu. Tuliogopa kiti.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa Novemba, hapa Morogoro, tukipanda njia ya Morningside katika milima ya Uluguru pamoja na karani mwenzetu wa masjala. Tulikuwa tumekwisha jiandikisha kwa nusu marathoni ya Moshi, ambayo hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari au siku za kwanza za Machi, na hesabu ya majuma tulikuwa nayo ukutani. Mlima ule ni mwema kwa pumzi lakini hauna huruma kwa shavu la mguu. Maana apandaye hukanyaga kwa vidole, kisigino kikashuka chini ya vidole, na msuli ukavutwa papo hapo unapotakiwa kusukuma mwili mzima. Hatukuwa tumefika nusu ya njia tuliposikia kama mtu ametufinya nyuma ya mguu wa kushoto. Tukageuka tumwone. Hapakuwa na mtu ila mama mmoja mwenye kapu la mboga, naye alikuwa mbali, akishuka kwenda sokoni.

Tulirudi nyumbani tukichechemea. Shangazi yetu, ambaye twamheshimu sana, na ambaye amekanda viungo vya ukoo mzima, alikuwa amebandika maji ya moto jikoni kabla hatujavua viatu. Akakanda, akachua kwa mafuta ya nazi, na asubuhi yake shavu lilikuwa limevimba kuliko jana. Shangazi hakukosea juu ya kukanda. Alikosea juu ya siku. Msuli ukikatika nyuzi zake chache, damu huvuja ndani, na moto na kuchua hufungua njia za damu hiyo zikazidi kuvuja. Siku mbili tatu za kwanza zataka kitambaa cha baridi, bendeji isiyobana sana, na mguu uwekwe juu ya mto; moto na mafuta vyaja nyuma. Tulimweleza, naye hakupendezwa. Lakini siku ya tano tulimwachia achue apendavyo, na amani ikarudi nyumbani.

Siku ya sita tulitembea pasipo kuchechemea. Siku ya kumi na moja hatukusikia maumivu hata kidogo, nasi tukatazama hesabu ya majuma ukutani, tukavaa viatu tukaenda kukimbia kilometa 10.

Twataka mfahamu, ndugu wanachama, jinsi kilometa saba za kwanza zilivyokuwa tamu. Pumzi ilikuwa tele, miguu miepesi, na alfajiri ile ilikuwa na ubaridi baada ya mvua. Tukajisifu moyoni kwamba kumbe mapumziko yametuongezea nguvu. Katika kilometa ya nane tulifinywa tena, mahali pale pale, wala safari hii hatukugeuka kumtafuta aliyetufinya, kwa kuwa tulimjua. Majuma matatu tulichechemea. Mbio za Moshi zilipita sisi tukiwa hapa, na siku tulipoweza kukimbia tena kama zamani ilikuwa mwisho wa Machi. Jeraha lililotaka labda majuma matatu ya subira lilituchukua miezi minne na zaidi, kwa sababu ya asubuhi moja.

Tumeifikiria sana asubuhi ile, na tuliyoyaona katika kuifikiria ndiyo yaliyotuleta mbele yenu.

Sisi sote humu twajua kazi ya majalada. Mwenye shauri huja dirishani kila siku, akapiga kelele, akataka kumwona mkubwa. Kisha siku moja haji tena. Je, karani afunge jalada? Akilifunga kwa sababu mwenye shauri amenyamaza, pasipo kutazama kama shauri lenyewe limekwisha, atakuja kuulizwa. Maumivu ndiye mwenye shauri. Kunyamaza kwake ni habari njema, lakini si hati ya kupona. Msuli uliokatika hushonwa kwanza kwa nyuzi changa za kovu, zisizo na mpango, dhaifu. Maumivu huondoka nyuzi hizo zingali changa. Zapata nguvu na kujipanga kwa kuvutwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, katika majuma yanayofuata. Kwa hiyo wote wawili hukosa, yule akimbiaye mara maumivu yaishapo, na yule akaaye kitini miezi miwili akingoja mguu upone wenyewe. Wa kwanza hukata kovu, na wa pili hulilea kovu lisilojua kazi.

Tena iko hila nyingine, nayo ndiyo iliyotunasa. Mwili wa mkimbiaji haurudi nyuma wote kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu ya mtu aliyejizoeza hupoteza kidogo tu katika siku kumi za kwanza. Na hata hicho kipoteacho mwanzoni, sehemu kubwa ni maji ya damu yaliyopungua, nayo hurudi upesi mazoezi yarudipo. Lakini msuli ulioumia haufuati kalenda hiyo, na kano ya kisigino, ambayo hupata damu chache, hufuata kalenda ya polepole zaidi. Basi siku ya kumi na moja mtu huamka akiwa na moyo wa mkimbiaji na mguu wa mgonjwa, na moyo ndio wenye sauti kubwa. Kwa mwendo wetu wa dakika sita kwa kilometa, mtu hukanyaga karibu mara elfu moja katika kila kilometa. Maana yake mguu wa kushoto peke yake hubeba mwili mara mia tano. Kufika kilometa ya nane tulikuwa tumeujaribu ule uzi mchanga mara elfu tatu na mia tano. Haikuwa ajabu kwamba ulikatika; ajabu ni kwamba ulivumilia hata hapo.

Mwenzetu wa masjala alipotuona twachechemea mara ya pili hakutuhurumia. Alisema, "Akhwari asingalikaa nyumbani." Neno hilo lilituchoma, na kwa kuwa twajua ya kwamba wengi hulisema, twataka kulijibu hapa kwa heshima inayompasa mtu huyo.

John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico mwaka 1968, mahali palipoinuka zaidi ya meta elfu mbili juu ya bahari. Katikati ya safari wakimbiaji waligongana, naye akaanguka, akaumia bega na goti likateguka. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza walikuwa 57, na Akhwari alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani jua limekwisha tua, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, goti limefungwa bendeji. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Hapana Mtanzania asiyelijua jibu hilo, na sisi twalipenda kama wote.

Lakini katika mbio hizo hizo alikuwamo Abebe Bikila, Mhabeshi, askari wa walinzi wa Mfalme, ambaye alikuwa amekwisha shinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Alishinda Roma mwaka 1960, miguu mitupu. Akashinda Tokyo mwaka 1964, na hapo ilikuwa miezi miwili haijatimia tangu apasuliwe kidole cha tumbo. Mtu kama huyo hawezi kuitwa mwoga. Naye huko Mexico, alipofika yapata kilometa 17, mguu ulimuuma, akatoka mbioni, na mwenzake wa nchi moja, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Siku moja, barabara moja, mmoja alimaliza na mmoja akaacha. Nasi hatuoni kwamba mmoja wao alimwaibisha mwingine.

Tena watu humsimulia Akhwari mpaka mlangoni pa uwanja ule, kisha humwacha pale. Hawasimulii kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikimbia marathoni tena, akawa wa tano. Goti lililoteguka halimpeleki mtu mahali pa tano pasipo kupona kwanza na kujengwa upya, na kazi hiyo haikupigiwa makofi na uwanja wowote. Hayo ndiyo tuliyomjibu mwenzetu. Hakusema kitu siku ile, lakini juma lililofuata alituletea fimbo ya kutembelea, ambayo hatukuihitaji, nasi tukaipokea.

Sasa tueleze tulivyofanya mara ya pili, si kama sheria, kwa maana sisi si matabibu, bali kama taarifa.

Tulianza kwa kutembea. Tulijiwekea sharti ya kwamba hatutakimbia hata hatua moja mpaka tuweze kutembea nusu saa kwa haraka, siku tatu mfululizo, pasipo kusikia kitu wakati ule wala asubuhi inayofuata. Asubuhi inayofuata ndiyo shahidi mkweli. Wakati wa zoezi mwili una moto na husema uongo mwingi. Pamoja na hayo tulisimama kila jioni ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja, tukainuka juu ya vidole na kushuka polepole, tukihesabu. Mguu wa kulia uliinuka mara 24. Wa kushoto uliinuka mara 9, kisha ukatetemeka. Hesabu hiyo ilitufundisha kuliko maneno yote ya daktari, kwa kuwa hatukusikia maumivu hata kidogo, na huku mguu mmoja ulikuwa hauwezi hata nusu ya kazi ya mwenzake. Tungalipima hivyo mwezi wa Novemba, tungalikimbia Moshi. Ilituchukua majuma matano kuwafanya ndugu hao wawili wakaribiane.

Tulipoanza kukimbia tulikimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane, tukarudi nyumbani. Tulifanya hivyo siku moja na kupumzika siku inayofuata, na mahali tulipochagua ni uwanja wa shule ulio tambarare, alfajiri, watu wasipokuwapo. Kwa nini watu wasiwepo? Kwa sababu ya aibu, na hatuoni haja ya kuificha. Mtu aliyezoea kukimbia kilometa 15 huona haya kuonekana akitembea baada ya dakika moja, na haya hiyo imevunja miguu mingi kuliko mawe ya Uluguru. Akipita mtu wa kumjua, huongeza mwendo. Tulikutana na mwanachama mmoja, hatumtaji, na kweli tuliongeza mwendo, tukapita tukimwamkia kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Alipopinda kona tulisimama tukajikemea.

Dakika ziliongezeka polepole: mbili za kukimbia kwa moja ya kutembea, kisha nne, kisha nane. Hatukuongeza umbali na mwendo katika juma moja. Mlima tuliuacha mwisho wa yote. Ule mkazo wa asubuhi ambao huyeyuka mtu akitembea kidogo, na ambao kesho yake haukuzidi, tulikuwa tukiendelea nao; maumivu yaliyobadili mkanyago wetu tulisimama papo hapo, hata kama ilibaki dakika moja. Saa ile ya mkononi ihesabuyo hatua, ambayo wanetu walituzawadia, tuliifungia katika sanduku, maana kila jioni ilitukumbusha kwa kengele kwamba hatujatimiza hesabu, kana kwamba ndiyo iliyoajiriwa kutusimamia.

Juu ya vidonge vya maumivu twapenda kukaza neno. Wako wanaovimeza kabla ya mbio ili wasisikie. Huko ni kumfukuza mwenye shauri dirishani na kudhani shauri limekwisha. Tena baadhi ya vidonge hivyo, kama ibuprofeni, huweza kupandisha shinikizo la damu, nasi wengi wetu humu tumeanza kukimbia kwa ajili ya kulishusha.

Na shinikizo lenyewe? Hili ndilo lililotukosesha usingizi miezi ile. Tulikwenda zahanati kila Ijumaa kupimwa, tukiwa tumejiandaa kusomewa hukumu. Lakini tulikuwa tumeazima baiskeli ya kijana wetu, nayo haikuusumbua mguu, na siku zisizo za baiskeli tulitembea. Tarakimu hazikupanda. Ijumaa ya nne mwuguzi alituuliza kwa nini twaja kila juma, nasi tukamweleza habari ya baba yetu na ya kiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba moyo haujui tofauti ya barabara na baiskeli. Laiti tungaliambiwa neno hilo mwezi wa Novemba, asubuhi ile pengine tungalibaki kitandani. Hatukukimbilia medali siku ile; tulimkimbia baba yetu, Mungu amrehemu, na mkono wake uliolala juu ya blanketi.

Kabla hatujaketi, yako mambo mawili ambayo hayamo katika habari ya "kuumia kidogo," na ambayo yataka daktari pasipo kungoja. La kwanza ni maumivu ya mfupa, hasa kwenye ugoko au wayo, yaliyokaa mahali pamoja palipo kama ncha ya kidole, yanayozidi mtu akirukaruka, au yanayomwamsha usiku. Huenda mfupa una ufa. La pili ni shavu la mguu lililovimba, likawa la moto na kuuma, hali mtu hakumbuki kuumia, na zaidi kama ametoka safari ndefu ya basi au amelala kitandani siku nyingi; huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na hiyo haichuliwi kamwe, hata na shangazi.

Mwaka uliofuata tulijiandikisha tena kwa mbio za Moshi. Mwezi wa Januari tulikuwa katika njia ya Bigwa pamoja na mwenzetu wa masjala, tumekwisha pita kilometa 11, shavu la kushoto likaanza kukaza. Halikufinya, lilikaza tu, kama mtu akohoaye nje ya mlango kabla ya kubisha. Tulisimama. Mwenzetu akatutazama, akatazama barabara, akaendelea peke yake pasipo neno, na hilo kwake ni adabu kubwa. Tukangoja daladala. Konda alitutazama viatu, akatazama na jasho, akauliza, "Mzee, mbio zimekwisha?" Tukamwambia kwamba zitaendelea Jumanne, tukampa nauli tukaketi.

Jumanne tulitembea, na Alhamisi tukakimbia. Moshi tulikwenda, tukamaliza kwa saa mbili na dakika kumi na tisa, na mwenzetu alikuwa amekwisha oga tulipofika.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Bwana Mwenyekiti, kama muda upo tu tayari kwa maswali, ila twaomba yule bwana wa masjala aulize wa mwisho.